Jua la Saa Nne

Kichochoro chetu cha mtaa wa Imbaba, Kairo, hakizidi mita tatu kwa upana, na jua hukiingia saa moja tu kwa siku, kuanzia saa nne asubuhi. Saa hiyo namsogezea mama kiti dirishani, maana daktari alisema kifua chake kinataka jua na hewa. Mimi ni msanifu majengo. Nimechora mipango mingi ya kuipa Kairo pumzi. Ikasifiwa, ikapigiwa makofi, ikafungiwa kabatini. Nikasema basi, nianze na kichochoro changu.

Miezi saba nilizunguka nyumba kumi na moja nikiomba jambo moja: mtu asipandishe nyumba yake kupita ghorofa nne, jua lisije likazibwa. Wote wakakubali, na tukasoma Fatiha ili asiwepo wa kurudi nyuma. Nikajiona mshindi. Ujinga mtupu!

Mwezi wa Mei nikasikia nyundo juu ya nyumba inayotukabili, ya Ami Shehata, mpiga pasi. Nikapanda ngazi mbio, hasira zimenijaa.

"Ami, si tulisoma Fatiha?"

"Tulisoma, binti yangu. Na juzi nimesoma nyingine, ya posa ya mwanangu Bilal. Baba yake msichana kasema bila nyumba hakuna harusi. Haya, nivunje ipi?"

"Si apange kwingine?"

"Wapi, makaburini? Hata huko kumejaa, walio hai wanawabana maiti!"

Bilal mwenyewe alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji. Ana miaka thelathini na tatu, analala sebuleni na wadogo zake watatu, na mchumba wake Wafaa amemngoja miaka sita.

"Dada Inas," akasema, "msomi wa miji ni wewe. Niambie nikaishi wapi, nami nashuka sasa hivi."

Nina shahada mbili, na sikuwa na chumba kimoja cha kumwonyesha katika mji wa watu milioni ishirini. Niliona aibu. Ningeweza kwenda kuwashtaki. Wangekuja wavunja nyumba wa serikali, na Wafaa angeozwa mtu mwingine.

Ndipo nikazitazama nguzo. Nondo zake zilikuwa nyembamba kama za kuchomea mishikaki.

"Nani kawapimia hizi?"

"Fundi."

"Fundi gani? Huyo anataka kuwazika! Nipeni kalamu."

Nikawachorea ghorofa ya tano kwa mkono wangu mwenyewe: matofali mepesi, nguzo za kutosha, madirisha pande mbili ili bibi harusi asikose hewa. Ami Shehata akanibusu kichwa. Zege halijakauka, majirani wawili wakabisha hodi kwangu. Nao wana vijana wa kuoza, na mmoja alikuja na sinia la keki ya basbusa. Ningewakataliaje?

Harusi ilifanyika mwezi wa saba. Mama alipiga vigelegele mpaka akakohoa.

Kesho yake, saa nne, nilimsogezea kiti dirishani kama kawaida. Akaketi kivulini, akajifunika shali, akanitazama usoni.

"Leo kuna mawingu, eh?" akasema.

Mwezi wa saba Kairo haina wingu hata moja, na mama anajua hilo kuliko mimi.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Mawingu."