Haja ya Baba

"Haja," alisema Baba kwa mara nyingine tena, na Mwalimu akafumba macho kidogo pale mlangoni kabla hajaingia chumbani.

Kiharusi kilikuwa kimempoozesha mzee upande mzima wa kulia. Yeye fundi cherehani, mtu aliyezoea kupiga soga na wateja kutwa nzima, sasa alibakiwa na maneno ya kuokoteza, na aliloliokota mara nyingi lilikuwa hilo. Na mtu akikwambia haja, jamani, utampeleka wapi? Mwalimu, binti yake, alimpeleka chooni.

Kazi yenyewe si ya kumsimulia mtu anayekula. Unainama, unamvisha kandambili, unapitisha mkono chini ya kwapa, unamnyanyua, mnajikokota hadi chooni, unamkalisha, unasubiri. Hakuna kitu. Si ndogo, si kubwa. Mzee amekaa tu, amenuna, anamkodolea macho mwanawe utadhani yeye ndiye aliyesumbuliwa. Mnarudi. Hajaegemea mto sawasawa, keshaanza tena.

Kibaya zaidi, kila Mwalimu alipoinama kumvisha kandambili, ule mkono wa kushoto uliobaki hai ulishuka ukalikamata gauni lake kwa chini. Lilikuwa gauni la buluu, aliloshonewa na Baba mwenyewe, na siku hizi alilivaa karibu kila siku kwa kuwa halikutaka pasi. "Niachie, Baba, utanichania," alimwambia, huku akivibandua vile vidole kimoja kimoja. Alidhani anaogopa kuanguka.

Mchana jirani alikuja kukaa na mzee, naye akaenda chuoni kufundisha uchumi. Muhula huo alikuwa amefika kwenye nadharia za mahitaji na maendeleo, somo alilolipenda zamani, enzi alipokuwa bado analala usingizi wa kutosha. Alichora ngazi ubaoni. Aliwaambia wanafunzi kwamba uchumi wa kupima mali peke yake umepitwa, kwamba inabidi tuulize mtu anahitaji nini hasa ili aishi kama mtu. "Chini kabisa," alisema, "haja za mwili." Darasa likacheka, kama linavyocheka kila mwaka, naye akasubiri wamalize. Juu yake akaandika usalama, juu zaidi kupendwa na kuheshimiwa, na kule kileleni mtu kuwa kile anachoweza kuwa.

"Mwalimu," akauliza msichana mmoja wa karibu na dirisha, "kwa hiyo aliye ngazi ya chini haruhusiwi kutaka kitu cha juu?"

Swali zuri. Miaka ya nyuma angelitolea kipindi kizima. Siku hiyo mgongo ulikuwa unamkata. "Andika kama ilivyo," alisema. "Mtihani ndivyo utakavyouliza."

Jioni kaka yake mkubwa alipiga simu. Amepata nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mji mwingine huko, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Kuna wauguzi, kuna nepi, kuna watu waliosomea. "Mdogo wangu, utakufa wewe kabla yake," alisema. "Anakula, ana dawa, ana kitanda. Kule atapata vyote hivyo. Anahitaji nini zaidi?"

Tuseme ukweli, jibu Mwalimu hakulitafuta. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka maishani, na neno nepi lilimjia kama nafuu. "Sawa," alisema. "Njoo Jumamosi." Alipokata simu alilia, halafu akaenda kumlisha baba yake uji.

Jumamosi asubuhi begi la mzee lilikuwa tayari limefungwa. Ilibaki kandambili. Mwalimu akainama, na mkono ukashuka ukalikamata gauni.

"Haja."

"Baba, tumetoka huko sasa hivi."

"Haja."

Safari hii hakumbandua. Hakuwa na nguvu za kubishana na vidole. Alijiachia tu akakaa sakafuni, miguu kaitandaza, na kwa kuwa alikuwa amekaa, akaona. Pindo la gauni lilikuwa limefumuka nusu nzima, uzi unaning'inia. Ndivyo alivyokuwa akisimama mbele ya darasa, sijui tangu lini. Na mzee hakuwa ameshikilia ili asianguke. Kidole gumba chake kilikuwa kinalikunja lile pindo kwa ndani, kinalibana, kinalinyoosha.

Akamtazama. Baba alivuta pumzi, mdomo ukamwenda upande, jasho likamtoka kwa kulitafuta neno la mbele. "Una," alisema. Akapumzika. "Una haja."

Mwalimu alibaki na kandambili mkononi. Kumbe siku zote hizo haja ilikuwa yake yeye, si ya mzee, na alikuwa akimbeba mwenye dawa yake kwenda kumkalisha chooni.

Akainuka, akatafuta sindano kwenye droo ya cherehani, akatunga uzi wa buluu, akamshikisha mzee. Akaupandisha mguu mmoja kitandani na kulitandaza pindo juu ya goti la mzee. Mkono wa kushoto haukuwahi kushona. Mshono wa kwanza ulikwenda kombo, na wa pili ulimchoma Mwalimu mguuni.

Kaka alimkuta hivyo, kasimama kwa mguu mmoja, kashikilia ukuta. "Begi liko wapi? Gari linasubiri nje."

"Mwambie dereva aende tu, kaka."

"Unasemaje? Si tulikubaliana? Si unasema umechoka?"

"Nimechoka, na kesho nitachoka tena. Utanisaidia kila Jumapili." Aliuegemea ukuta vizuri. "Leo haendi popote. Baba yuko kazini."

Mzee hakuinua hata kichwa. Aling'ata uzi, akalivuta gauni kidogo, kama alivyokuwa akiwafanyia wateja alipotaka wageuke, na Mwalimu akageuka.