Kilichomfuata Natalina

Jumanne saa tatu asubuhi, Natalina fundi cherehani alitoka kwake mtaa wa Hai Mauna kwenda soko la Custom kununua zipu dazeni mbili na nyuzi nyeusi, na pampu ya pumu ikatoka nyuma yake. Ilikuwa ya buluu, ndogo ya kutosha kiganjani, na kifuniko chake juu. Ilirukaruka kwa kitako kama kifaranga aliyeachwa na wenzake. Yeye alipovuka mtaro nayo ilivuka, na alipopanda bodaboda ikakaa nyuma yake bila kuombwa nauli.

Hakuna aliyegeuka kuitazama. Tangu mtandao urudi baada ya mapigano ya Julai, kila mwenye simu alikuwa na kitu chake. Ukikitazama kitu kwenye simu mara moja tu, kesho yake kimekuja kukungoja mlangoni. Goretti, jirani yake anayeuza chai, alikuwa akifuatwa na friji. Wapo watakaokuambia ilikuwa ya milango miwili. Ni uongo, ilikuwa ya mlango mmoja, na jua lilipokuwa kali ilisimama kivulini kwa watu bila kubisha hodi. Mzee Tombe, katekista, alifuatwa na meno ya bandia, ya juu na ya chini. Wakati wa mahubiri yalikaa kimya, jambo ambalo waumini hawakuweza kusema juu ya watoto wao.

Vitu hivyo havikufaa kitu. Siku ya kwanza Goretti aliweka maziwa ndani ya friji yake, akayakuta yote chini, yanalambwa na paka. Vilikuwa na rangi na bei, basi.

Wenye kujua walisema vilitumwa na makampuni ya mbali, na kwamba viliruhusiwa na watu wenyewe. Ni kweli. Kabla ukurasa haujafunguka, simu ilileta maandishi mengi madogo, na chini yake kitufe cha kukubali. Sasa, nusu ya Hai Mauna walikulia kambi za wakimbizi Uganda, na mtu aliyekulia kambini hakatai fomu. Kule fomu ndiyo ilikuwa maharage. Ulitaja jina lako, jina la mama yako na idadi ya mnaolala ndani, ukaweka kidole, ukapimiwa mafuta. Aliyeuliza haya yote ni ya nini alirudishwa mwisho wa mstari. Kwa hiyo simu ilipouliza, Hai Mauna nzima ilikubali, na wengine walisema asante.

Shida ya Natalina ni kwamba hakuwa na pumu.

Mwenye pumu alikuwa mdogo wake, Yangi, mwalimu. Mwezi wa Agosti Yangi alisimama kanisani akasoma majina ya vijana kumi na mmoja waliochukuliwa na gari lisilo na namba. Jumatatu yake gari lile lile likaja shuleni kumuulizia. Tangu siku hiyo aliishi katika stoo ya dada yake, nyuma ya marobota ya vitenge, na manyoya ya vitambaa yakawa yanamkaba kifua. Natalina hakuthubutu kwenda kuulizia dawa dukani, kwa sababu dukani kuna masikio. Akaona heri aulize simu, maana simu haina mdomo.

Mtaani hapo alikuwepo bwana mmoja, Igga, ambaye kila mtu alijua anapeleka habari ofisini, ingawa ofisi yenyewe hakuna aliyeitaja. Zamani kazi yake ilikuwa ngumu. Ilimbidi achungulie juu ya ua, aumwe na mbwa, ajifanye anatafuta mbuzi. Siku hizi aliweka kiti cha plastiki karibu na kisima cha pampu, akatulia na daftari, akawasoma watu kwa vinavyowafuata.

"Natalina, dada yangu," alisema Jumanne ile, Natalina akirudi kutoka sokoni. "Kifua iko nasumbua wewe?"

"Ni vumbi ya kitambaa."

"Pole. Hebu kohoa kidogo, mimi nasikia."

Natalina akakohoa. Igga alisikiliza ameinamisha kichwa, kama fundi wa redio.

"Hiyo si ya pumu," alisema. "Mama yangu alikufa na pumu. Mimi najua sauti yake." Akaandika. "Ijumaa nitakuja salimia nyumba yako. Wewe weka chai tu."

Natalina alikwenda moja kwa moja kwa Goretti, akamwambia yote mbele ya friji, kwa kuwa friji haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Goretti aliendelea kusuuza vikombe.

"Sasa wewe unalia nini?" alisema. "Nyayo moja inaonekana. Nyayo ishirini ni njia tu."

Jumatano kwaya ya akina mama ilikuwa na mazoezi. Walikuwa ishirini na wawili, Natalina na Goretti wakiwemo. Goretti aliwaambia watoe simu zao, watafute pampu ya pumu, waitazame vizuri mbele na nyuma.

"Mimi kifua yangu ni mzima," alisema Teresina, mwenye sauti nzito kuliko wote. "Nilikuwa nataka tafuta wigi."

"Wigi itakufuata kesho. Leo pampu."

"Na huyo mgonjwa ni nani?"

"Ukijua utaimba vibaya."

Teresina akafungua simu. Alikubali fomu, kama alivyokubali fomu zote maishani mwake.

Alhamisi asubuhi pampu ishirini na mbili za buluu zilipita kisimani nyuma ya wanawake wenye madumu. Igga alijaza kurasa tatu, akachonga penseli, akaanza upya.

"Khalas, basi, nyinyi wote mmeugua siku moja?"

"Tunaimba pamoja, mzee," alisema Goretti. "Vumbi ni moja, tunagawana."

Siku ile Natalina hakuondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba Nimule, mpakani na Uganda, na sare hazijaisha. Alishona magauni ishirini na matatu. La mwisho alimvalisha Yangi Ijumaa asubuhi, akamfunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Lilimkaa vizuri begani kuliko la Teresina lilivyomkaa Teresina, na Teresina aliliongelea hilo mpaka Nimule.

Kwenye kizuizi, askari aliwashusha kwenye lori. Kifua cha Yangi kilikuwa kimeanza kupiga filimbi, na kila kilipopiga, wanawake walipandisha wimbo. Askari alitazama nyuso, kisha akatazama chini, akaona pampu zimepanga mstari vumbini zinangoja kupanda. Akavuta skafu akaziba pua.

"Mama zangu, mnaumwa hivi na bado mnaimba?"

"Daktari ametuambia tusiache," alisema Goretti.

Akarudi nyuma hatua sita, akawapungia mkono wapite.

Yangi alivuka mpaka na kundi la wakimbizi. Kabla hajavuka, Natalina alimwambia jambo moja. "Usishike simu. Usiniandikie. Wewe ishi tu, sisi tutajua." Yangi akaitikia kwa kichwa, hakuwa na pumzi ya kusema. Walikwenda ishirini na watatu, wakarudi ishirini na wawili.

Igga alikuwa amekuja Ijumaa kama alivyoahidi. Alikuta stoo ina mkeka, kikombe na kitabu cha hesabu cha darasa la saba. Alivitazama, akavirudisha palepale, akaandika. Alipomwona Natalina Jumapili alimsalimia vizuri na kumuuliza habari za kwaya.

Wiki zikapita. Pampu za wengine zilififia moja moja. Teresina alipata wigi lake, likawa linamfuata likiwa limechanwa vizuri. Pampu ya Natalina peke yake haikuondoka. Mchana ilikaa karibu na kanyagio la cherehani, naye alizoea kuitolea mguu isije ikabanwa.

Sasa, kwa watu wale msafiri akifika hutuma salamu kwamba amefika. Asiyetuma ni sawa na aliyekufa, au aliyelelewa vibaya, na Yangi hakuwa lolote kati ya hayo. Alivumilia siku arobaini. Siku ya arobaini na moja, huko kambini, aliazima simu ya jirani. Simu ikamuuliza kama anakubali.

Natalina alikuwa akipindisha ukosi wa shati ujumbe ulipoingia. "Dada nimefika salama. Kifua nafuu. Salimia Goretti na wote."

Alisoma mara mbili. Chini ya cherehani pampu ilisimama, ikazunguka kama mtu aliyeitwa jina, ikatoka mlangoni. Ilipita uani, ikapita kwa Goretti, ikashika barabara ya Nimule.

Natalina alianza kuandika: ondoka hapo. Akafuta. Neno lolote ambalo angemwandikia lingepita njia ileile, likasomwa na wengine kabla ya kumfikia. Akaweka simu juu ya shati, akavaa viatu.

Kule kisimani Igga alikuwa amekwishakunja kiti chake. Alisimamisha bodaboda, akapanda nyuma na daftari kwapani.

"Wapi, mzee?" aliuliza dereva.

"Fuata hiyo ya buluu. Polepole, usiipite. Yenyewe inajua nyumba."

Goretti aliwaona wakipita, akamsogezea mteja sukari. Pampu ilikuwa mbele, inarukaruka pembeni mwa lami, bodaboda nyuma yake kwa mwendo wa harusi. Natalina alikuja nyuma yao kwa miguu, hatua kama mia hivi, na nyuma yake, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Agosti, hakukuwa na kitu.