Ugonjwa wa Siku ya Mikanda

Kaka yangu hushindilia sindano ndefu kuliko kiganja ndani ya sponji kutwa nzima, akaitoa upande wa pili, akairudisha, huku anapiga mluzi. Sasa mwonyeshe sindano ya daktari. Mara ya kwanza alipolazwa alikataa kuchomwa tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Alishikilia chuma cha kitanda akasema mgongo wa mtu si sofa. Homa ilikuwa inamchemsha, kichwa kinampasuka, shingo imekauka haiinami, mwanga wa dirishani unamtoa machozi, na bado alikuwa na nguvu za kubishana. Mimi ni mdogo wake wa kike na uvumilivu wangu ni mfupi. Nilimwambia achague: sindano ya daktari au ile yangu iliyopinda ya kushonea sofa. Akalala ubavu, akakunja magoti.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka. Walimtoa maji kidogo mgongoni, chini kabisa kiunoni, wakayapeleka maabara. Daktari alitueleza kwamba utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo umevimba. Ukivimba kwa sababu ya bakteria, mtu anaweza kufa ndani ya siku moja, kwa hiyo walimwekea dripu ya antibiotiki papo hapo bila kungoja majibu. Majibu yalipokuja, chembe nyeupe zilikuwa nyingi, kumaanisha mwili unapigana, lakini anayepigwa hakuonekana. Waliyaotesha maji yale siku tatu na hakukuota kitu. Mara nyingi huwa ni virusi, daktari akasema, na wengi wao huondoka wenyewe bila kufukuzwa. Siku ya tano kaka alirudi nyumbani anadai supu.

Basi tukarudi karakanani kuchapa kazi. Sisi ni mafundi sofa. Wateja humwita kaka Springi kwa jinsi anavyodundadunda akitembea, na mimi wananiita Komando, jina ambalo sijui nilistahilije. Karakana ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha matatu: fremu za mbao upande huu, marobota ya vitambaa upande ule, katikati meza yangu ya kukatia, na harufu ya gundi kila mahali. Baba alituachia chumba hicho cha kupanga pamoja na sheria moja, kwamba fundi hakai kwenye kiti cha mteja. Na kwa kuwa kila kiti mle ndani ni cha mteja, tunakula tumesimama, tunapokea simu tumesimama, tunagombana tumesimama.

Katika kila kazi kubwa kuna siku tunayoiita siku ya mikanda. Hiyo ndiyo siku ya kuvuta mikanda ya turubai juu ya fremu na kuipigilia, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukiigonga ilie kama ngoma. Ikilegea, sofa itabonyea kabla ya mwaka kuisha na mteja atarudi na maneno. Mvutaji ni kaka. Mimi kazi yangu siku hiyo ni kuhakikisha hapungukiwi kitu wala hapati kisingizio cha kupumzika: nyundo, misumari, maji ya kunywa, vidonge vya mgongo, kitambaa cha jasho, vyote namkabidhi mkononi kabla hajaomba. Hivyo ndivyo tulivyovuta viti arobaini vya ukumbi wa mikutano, siku moja kabla kaka hajalazwa mara ya kwanza. Miezi mitatu baadaye tukavuta vya kliniki ya meno, na kesho yake asubuhi kaka hakuweza kufungua macho kwa sababu ya mwanga.

Homa ile ile, shingo ile ile, sindano ile ile. Maji yakaoteshwa, hayakuota kitu. Virusi tena, wakasema, ana bahati mbaya. Akapona.

Mara ya tatu tulikuwa tunatengeneza seti ya mwalimu mkuu mstaafu, kiti kimoja kikubwa na sofa ya watu watatu. Kiti tulikimaliza bila tatizo, mikanda yake ni michache. Jumatatu ilikuwa siku ya mikanda ya sofa. Jumanne nilimpeleka kaka hospitalini tena, na kwenye mlango wa wodi nikamkuta wifi yangu, mke wake, amekunja mikono.

Wifi ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole, hana makuu, lakini akishapata jibu hafuti. "Wifi, nimejumlisha," aliniambia. "Ukumbi, akaugua. Meno, akaugua. Mstaafu, huyo hapo kalala. Ni ile gundi yenu. Sitaki kuletewa jeneza kwa ajili ya sofa."

"Na mimi mbona siugui? Mimi navuta hewa ile ile."

"Wewe hata ugonjwa unakuogopa," akasema. Kisha akaniambia kwamba ameshazungumza na mwenye jengo. Jumamosi tunarudisha funguo. Kaka yake wifi ana duka la vifaa vya shule, na mume wake atasimama kaunta akiuza madaftari na rula.

Nilitaka kumjibu vibaya, nikashindwa, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilikwenda nikasimama dirishani. Niliogopa kweli kweli. Nina miaka thelathini na tisa, sijawahi kufanya kazi nyingine wala na mtu mwingine, na Springi akiuza madaftari mimi nitabaki na mkasi tu. Lakini kama gundi ndiyo inayomuua, ningewezaje kumwambia arudi?

Safari hii daktari alikuwa mpya, dada kijana, viatu vyake vikubwa kuliko miguu, na maswali yake hayaishi. Alipotayarisha sindano, kaka aliomba kuiona.

"Nyembamba," akasema, akiitazama huku na huku kama anayetaka kuinunua. "Ingekuwa mimi, ningetumia namba kubwa zaidi."

"Ndiyo maana wewe huruhusiwi kutibu watu, baba," daktari akamjibu. "Kunja mgongo. Zaidi. Kidevu kifuani."

"Mshono uwe mnyoofu, daktari."

Alipokea dripu yake, majibu ya kwanza yakaja, na yalikuwa kama ya zamani. Chembe nyeupe tele, sukari ya kwenye maji haijashuka, vijidudu hakuna. Daktari hakuridhika. Alisema virusi hawafuati kalenda ya mtu, na mtu akiugua hivi mara tatu ndani ya miezi saba lazima kuna kinachomrudia. Akampima damu kwa kifua kikuu, kaswende, virusi vya ukimwi, na magonjwa yale ambayo mwili hujishambulia wenyewe. Yote hayakuwapo. Kaka akasema kwamba amepimwa mpaka ukoo.

Kisha daktari akaja na karatasi, akatuuliza sisi watatu. Ameumwa na kupe? Anakunywa maziwa mabichi? Kuna panya kazini? Anapata vidonda mdomoni? Viungo vinamuuma? Wifi akatoa hoja yake ya gundi, daktari akaiandika, ila akasema hajawahi kusikia gundi ikifanya hivi.

"Anatumia dawa yoyote?"

"Hapana," kaka akasema.

"Hata za kununua dukani? Za mitishamba?"

"Mume wangu hajui hata ladha ya dawa," wifi akasema, na mimi nikatikisa kichwa kuthibitisha. Naweza kula kiapo kwamba hakuna aliyedanganya.

Alhamisi homa ilikuwa imeshuka na shingo imelegea. Daktari aliona maji yameoteshwa bila kuota kitu, akaiondoa dripu. Kaka aliketi kitandani anakosoa godoro la hospitali, akilibonyeza hapa na pale na kutaja kila kosa la aliyelishona. Halafu akashika kiuno.

"Kitanda hiki kimenimaliza mgongo," akasema. "Komando, unavyo?"

Nilikuwa nimetoka moja kwa moja karakanani na aproni yangu. Nikaingiza mkono mfukoni, chini ya chaki na pini, nikatoa vidonge viwili na kumwekea kiganjani. Wifi akanyoosha mkono kuchukua glasi ya maji. Wakati huo huo daktari akaingia na viatu vyake.

"Hivyo ni nini, dada?"

"Hivi? Vya mgongo."

"Niliuliza kuhusu dawa."

"Hizi si dawa," nikasema. Nilimwelewesha kwa upole, maana nilimwona ni mgeni wa kazi zetu. "Hivi ni vifaa. Vinakaa kwenye mkebe wa pini. Ninaponunua uzi na misumari, nanunua na vidonge. Ni vya siku ya mikanda tu."

Daktari alivichukua kwenye kiganja cha kaka kimoja kimoja. Akaniomba karatasi ya vidonge, nikampa, akaisoma. Halafu akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo sijawahi kuona daktari akilifanya.

"Ibuprofeni," akasema. "Mara ya mwisho alimeza lini?"

"Jumatatu. Viwili asubuhi, viwili mchana."

"Na wakati wa kliniki ya meno?"

Wifi alirudisha glasi mezani polepole.

"Na ukumbi?" daktari akauliza.

Nilikuwa najumlisha, na safari hii hata mimi nilipata jibu. Zamani nilikuwa nampaka dawa ya kuchua. Vidonge nilianzisha mwenyewe mwaka huu, kazi zilipokuwa nyingi, kwa sababu kuchua kunakula muda.

Daktari alisema ni jambo la nadra sana, ndiyo maana halimjii mtu haraka kichwani. Watu wengi humeza vidonge hivyo bila tatizo, lakini wapo wachache ambao miili yao huvipokea vibaya, na utando ule huvimba kana kwamba umeingiliwa na wadudu. Ndani ya saa chache au siku moja, homa, kichwa, shingo. Hakuna kipimo cha kulithibitisha moja kwa moja. Ushahidi ni kwamba akimeza anaugua, akiacha anapona, na wala hatamjaribu kwa makusudi ili kuona. "Tiba yake ni kuacha," akasema. "Hivi na vidonge vya jamii yake, nitawaandikia orodha. Akiumwa, paracetamoli, na aje kwanza tuzungumze. Na homa ya namna hii ikirudi, msikae nyumbani mkisema ni vidonge. Njooni siku hiyo hiyo, maana bakteria nao wapo."

"Kwa hiyo si gundi," wifi akasema.

"Fungueni madirisha hata hivyo," daktari akamwambia.

Nilitoka nje ya wodi nikasimama kwenye korido, karibu na ndoo za kudekia, nikalia kwa aibu. Mara tatu nimempeleka kaka yangu mahututi hospitalini, na mara zote tatu nilimgombeza njiani kwa kuchelewesha kazi. Nilimwekea ugonjwa mkononi, nikampa na maji ya kuumezea.

"Komando," nikasikia anaita kutoka ndani. "Rudi hapa."

Nikarudi nimeinamisha kichwa.

"Mara tatu umenilenga na sijafa," akasema. "Siku hizi shabaha yako imeharibika."

Wifi alicheka mpaka akashika tumbo, nami nikacheka huku nalia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba aelezwe naye acheke. Kisha wifi akatoa simu akampigia mwenye jengo. Alimwambia kwamba kulikuwa na kosa katika hesabu na kosa ni lake, maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema. Alipokata, alinigeukia.

"Funguo mtabaki nazo," akasema. "Lakini ule mgongo bado unauma, wifi. Vidonge vilikuwa vinauficha tu. Sasa mtafanyaje?"

Nikamwambia nitafikiria.

Wiki mbili baadaye tulirudi kwenye sofa ya mstaafu, kumalizia mikanda ya egemeo iliyobaki tangu Jumatatu ile. Mwenyewe alikuwa ameshapiga simu mara nne kuiulizia. Mkebe wa pini nilikuwa nimeumwaga wote na kuuosha. Ukutani, juu ya meza yangu, nilibandika orodha ya daktari kwa pini sita ingawa mbili zingetosha. Madirisha matatu yote yalikuwa wazi. Kaka alivuta mkanda wa kwanza huku anapiga mluzi. Wa pili akavuta kimya. Baada ya wa tatu alisimama, akaweka mkono kiunoni, akangoja.

Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe. Ulikuta chaki.

Aliniona. Akainama achukue mkanda wa nne.

"Acha," nikamwambia. "Kaa."

Aligeuka akaangalia chumba kizima. Hapakuwa na mahali pa kukaa ila kile kiti kikubwa cha mstaafu, kimemalizika, kimefunikwa nailoni.

"Pale?"

"Pale. Toa nailoni."

"Baba angesema nini?"

"Baba alikufa na mgongo wake mbovu. Kaa, Springi, usinipotezee muda."

Akakaa taratibu, magoti pamoja, kama mtu aliyekwenda kuposa. Mimi nikachukua koleo la kuvutia, nikauma meno, nikavuta. Akasema bado unalegea. Nikamwambia anyamaze. Akasema weka mguu kwenye fremu, ndiyo siri yake, nikaweka mguu, na mkanda ukakaza. Nilipougonga ulilia vizuri. Nilipogeuka kumwonyesha nilimkuta amegandamiza mgongo nyuma, mikono ameilaza juu ya mikono ya kiti, macho amefumba. Kwa miaka ishirini na mbili mtu huyu ametengeneza viti.

"Kumbe tunatengeneza vitu vizuri hivi," akasema.

Nikachukua mkanda wa tano.