Sare za Zambarau

Nyumba ya Redio haikosi watu. Ukipita asubuhi utamkuta mmoja barazani anasubiri gauni lake, mwingine jikoni anajipakulia kama kwao, na mwenyewe nyuma ya cherehani, pini mdomoni na bado anaongea. Jina la Redio alipewa na ndugu zake, kwa kuwa habari ikimfikia leo, kesho mtaa mzima unayo.

Sasa Jumapili ile ya joto hakuja mtu. Mama yake alisema kichwa kinamuuma. Mdogo wake alisema ana zamu kazini. Wifi yake, mke wa kaka, hata simu hakupokea. Umeme nao ukakatika, feni ikalala, cherehani ikagoma. Redio akaona atachemka humo ndani kama kiazi. Akavaa ndala, akatoka bila safari, miguu ikampeleka yenyewe mpaka ufukweni.

Akatembea pale mawimbi yanapoishia, ndala mkononi, maji yakimlamba miguu. Watoto wanamwagiana maji, wakubwa wamejilaza chini ya miavuli, raha tupu. Ndipo akaiona kwa mbali rangi anayoijua: magauni ya zambarau, mikono imetuna, viuno vimebanwa sawasawa. Kazi yake hiyo. Wifi ndiye aliyeleta kitambaa, akasema ni sare za kwaya ya kazini kwao, na vipimo akavitaja mwenyewe. Redio akajaa fahari. Akakaza mwendo akawaone wanakwaya walivyopendeza.

Kwaya gani! Gauni la kwanza lilikuwa na mama yake ndani, kichwa kizima, hakimuumi hata chembe. La pili, wifi. Katikati, kwenye gauni jeupe ambalo Redio hakulishona, alisimama mdogo wake, pete kidoleni, na kando yake kijana wa watu akimchekea mpiga picha.

Wifi akamwahi, akamshika kiwiko, akamvuta pembeni kwa minong'ono. Asiwaelewe vibaya. Mchumba wa kwanza wa mdogo wake si alitoweka baada ya Redio kumtajia mama wa mchumba huyo umri halisi wa binti? Mara hii wote waliona bora pete ivalishwe kwanza, ndipo yeye aambiwe.

"Wote ni akina nani?"

Wifi akaangalia mchanga. "Mama ndiye aliyesema."

Hapo ndipo palipouma. Ya wifi angeyameza, wifi ni wifi. Mdogo wake angemvuta sikio wakayamaliza. Lakini mama? Mama aliyekuja wiki iliyopita, akanywa chai, akamtazama akipinda mapindo ya magauni hayo hayo, akamwambia, shona vizuri mwanangu, watu watakuombea dua?

Mama wa kijana, mnene mwenye bashasha, akawafuata. Akamwangalia Redio, nywele zimetimka, kanga imelowa mpaka magotini, akauliza mgeni wao huyu ni nani.

Redio akamgeukia mama yake. Akamwachia nafasi ajibu.

"Huyu ndiye fundi wetu," mama akasema. "Ndiye aliyetushonea."

Zambarau yote ikawa inamkodolea Redio macho mdomoni, kama mtu anavyochunga maziwa jikoni yasifurike. Mama wa kijana akashika mkono wa gauni la wifi, akausifu mshono, akasema na upande wao watahitaji sare za harusi. Akatoa simu, akaomba namba. Redio akamtajia polepole, tarakimu moja moja.

"Nikuandike nani, mwanangu? Fundi?"

"Niandike dada yake bibi harusi," Redio akasema. "Wa tumbo moja."

Kidole cha yule mama kikabaki hewani. Redio akamuaga kwa adabu, akashika njia ile ile ya kando ya maji, akaendelea mbele. Nyuma akamsikia mama yake anaanza kueleza, kisha upepo ukayachukua maneno, naye hakugeuka kuyatafuta.