Sindano Moja ya Bujiku

Haya yote ni kweli tupu, na anayebisha aje Didia anitazame usoni. Hata nukta nimeziweka pale zilipotokea.

Mwaka 1951 rafiki yangu Bujiku aliangukiwa na gogo mgodini, upande wa Geita. Alipona, lakini daktari alimtoa korodani zote mbili. Mwaka haukuisha ndevu zikapukutika, mikono ikalegea, akawa analala mchana kutwa. Mkewe Mbuke aliendelea kumpikia na kumtunza kama zamani. Bujiku ndiye aliyeogopa.

"Kalisti," aliniambia, "huyu mwanamke nitamweka kwa lipi?"

Tukasikia kwamba kuna daktari wa misheni, mbele ya Masumbwe, mwenye sindano ya kurudisha kilichochukuliwa na kisu. Tukapanda lori la pamba hadi Segese, kisha miguu. Njiani tuliambiwa penye foleni ndefu ndiyo kliniki. Tukapanga foleni nusu siku juani, kumbe ni bwana mifugo anachanja.

"Ng'ombe wenu yuko wapi?" akauliza.

"Ni mimi," Bujiku akajibu. Watu wakacheka mpaka wakashika miti. Yeye alikuwa anasema kweli.

Siku ya tano tukampata daktari. Alijua Kizungu tu, na Kizungu nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Alimchoma Bujiku pajani, akazungumza sana.

"Anasema hiyo moja yatosha mpaka kaburini," nikamwambia Bujiku.

Nayo ilifanya kazi! Zilimwota ndevu ambazo mbuzi walizifuata wakidhani ni majani. Lori la pamba lilipozama matopeni Segese, alilinyanyua peke yake, dereva akiwa ndani anakula muhogo. Mbuke akawa anaimba akisaga mtama.

Mwezi haukutimia, nguvu zikaisha. Bujiku akaja kwangu.

"Una hakika alisema moja yatosha?"

"Alisema."

Basi akaenda kwa mganga. Mganga akasema dawa imefunguliwa kwa uchawi na mtu wa ndani ya nyumba. Mtu wa ndani alikuwa mmoja tu. Mbuke alifukuzwa na mtungi wake kichwani, watoto wakimrushia mavi ya ng'ombe. Bujiku alivunjika nyonga akiinuka kwenye kigoda, akafa mwaka wa tatu. Hivyo ndivyo uchawi ulivyommaliza rafiki yangu.

Nilikusudia kukomea hapo. Lakini Jumapili iliyopita niliyasoma haya kwa sauti kilabuni, kwenye pombe, na nilipoinua macho Mbuke alikuwa amesimama mlangoni na Nkwabi, mdogo wake Bujiku.

"Umesoma vizuri, shemeji," Mbuke akasema. "Sasa soma na hii."

Ilikuwa karatasi ya daktari. Nkwabi aliikuta imeshonwa ndani ya hirizi ya marehemu. Bujiku alidhani nayo ni dawa. Mwalimu Stanslaus alikwishawasomea: sindano kila wiki tatu, maisha yote, hospitali kubwa ya Mwanza.

"Daktari alikuambia haya?"

"Aliniambia."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimwona amefurahi, Mbuke. Nikashindwa."

"Miaka sita naitwa mchawi," akasema, "kwa sababu alifurahi."

Hakuna aliyegusa kata yake ya pombe. Wazee walikata faini palepale: mtamba wangu mwekundu uwe wa Mbuke, na nimswage mwenyewe kwa kamba, nikipita kila mji, boma kwa boma, alikoitwa mchawi, nikieleza kwa kinywa changu nilichofanya.

Nimelipa leo. Tulianza alfajiri, Mbuke akitembea nyuma ya mtamba. Kwenye mji wa kumi na moja sauti ilikuwa imenikauka. Bibi mmoja akaacha kupepeta, akauliza kama na hii ni hadithi yangu nyingine. Watu wakacheka.

Mbuke hakucheka. Nikaanza upya tangu kwenye sindano.