Kimbunga Kilichosimama Sebuleni

"Wallahi, haya ni kweli tupu!" aliapa Bwana Harub, akiigonga televisheni kwa bakora. "Kimbunga kimesimama!"

Ilikuwa Juni 2007, na mji mzima wa Sur, pwani ya Oman, ulikuwa ukifunga mizigo. Harub, mstaafu aliyejifundisha mwenyewe mambo ya hali ya hewa, asubuhi aliinasa taarifa ya habari kwenye kanda ya video, apate kuisoma vizuri ile picha: duara kubwa kama sinia ya biriani, nyekundu katikati, kijani ukingoni. Tangu hapo kila mgeni aliwekewa kanda, na Harub akapima kwa mkono.

"Adhuhuri shubiri moja kutoka Sur," alimwambia jirani yake Marzouq. "Sasa alasiri, shubiri ile ile. Uhame uende wapi?"

Mkewe, Shaikha, hakutulia. Mbuzi wake Lulu alikuwa mzito, siku yoyote atazaa, na zizi liko ukingoni mwa wadi, lile bonde lijaalo maji mvua ikinyesha.

"Baba Saud, tumpeleke Lulu kwa kaka yangu, kule mjini Ibra."

"Kwa gari gani?"

"Lako."

"Gari jipya? Viti hata nailoni sijavitoa, bibi we! Kimbunga kikisogea hata unyoya, Lulu atakaa mbele, mimi nyuma!"

"Umesikia, Marzouq?"

"Nimesikia, khala."

Shaikha akakaa kitako, akatazama picha kwa utulivu. Mtangazaji akatabasamu, akasema, "Sabah al-kheir."

"Mbona huyu anatuamkia asubuhi," Shaikha aliuliza, "na sisi tushasali alasiri?"

Harub akakohoa. Marzouq akainama, akabonyeza kitufe, na kanda ikatoka kama ulimi. Taarifa ya saa ile ikajitokeza: kijani kimeshaifunika Sur yote, na manjano yanakuja nyuma yake.

"Eeh," alisema Harub, akiiweka bakora pembeni. "Kimetembea kidogo."

Shaikha alishachukua ufunguo. "Lulu, mama, njoo. Umepata kiti."

Mpaka Ibra, Shaikha akiendesha, Lulu alikaa mbele akitafuna nailoni kwa raha zake. Harub alijikunja nyuma, baina ya masufuria na mzigo wa majani, magoti yamegusa kidevu.

Walipofika, kaka yake Shaikha alikimbilia mlango wa mbele kumpokea shemeji. Akakutana na pembe.

"Harub yuko wapi?"

"Nyuma," alisema Shaikha. "Analipa."

"Wallahi, shemeji," ikasikika sauti kutoka chini ya majani, "mimi mwenyewe ndiye niliyempisha..."

Lulu akageuka, akamtazama, akalia, "Meee!"