Nondo za Mtaro

"Kaka, usinicheke. Mguu umenasa."

Fundi wa kuchomelea hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye maji ya kiuno, mwisho wa uchochoro, pale mtaro unapopita chini ya ukuta wa mawe kuelekea vyumba vya bondeni. Mdogo wake, waliyembatiza Kiroboto kwa kuwa hakai kitako, alikuwa ameshuka mtaroni kuondoa takataka kwa miguu. Furushi la plastiki lilipoachia, maji yalivuta ghafla, na mguu wake wa kulia ukapenya kati ya nondo za chuma mdomoni mwa mtaro mpaka juu ya goti. Takataka nyingine zikaja zikajaa. Maji yakaanza kupanda tena.

Nondo hizo alizichomelea Fundi mwenyewe. Baada ya mafuriko ya mwaka uliopita mtaa mzima ulikaa kikao ukaamua: pawekwe wavu wa chuma mdomoni mwa mtaro, takataka zisiingie chini ya ukuta zikaziba kusikofikika. Wavu wa kwanza ulikuwa wa kufungua na kusafisha. Haukumaliza wiki, wezi wa vyuma chakavu wakaung'oa. "Safari hii chomelea moja kwa moja," watu wakasema, "hata shetani ashindwe." Fundi akachomelea. Wakampigia makofi. Hakuna aliyeuliza siku ya kusafisha watafungua nini. Walimfungia mwizi, wakajifungia wenyewe.

Sasa mvua ilikuwa imekata umeme, na mashine ya kukatia chuma ilikuwa mzigo tu. Ulibaki msumeno wa mkono. Fundi aliuzamisha, akakata kwa kupapasa.

"Umefika wapi?" Kiroboto aliuliza. Maji yalimfika kwapani.

"Nusu."

"Muongo. Ingekuwa nusu ungeshaanza kujisifu."

Haikuwa hata robo. Fundi aliijua kazi yake.

"Vunjeni ukuta!" akawafokea wachukuzi wawili waliosimama juu na nyundo kubwa.

Mwenyekiti wa mtaa akanyoosha mkono kuwazuia. "Ng'ambo kuna watu, Fundi. Maji yote haya yatawaangukia. Vijana wanawatoa. Ngoja kidogo."

"Huyu je, ana kidogo?"

Sauti ya mwanamke ikapanda kutoka bondeni: "Bado! Kuna bibi ndani! Mlango umekwama!"

"Pigeni!" Fundi alilia. "Nawaambia pigeni! Mnamtazama mtu anakufa kama mnatazama mpira?"

Mchukuzi mmoja aliinua nyundo. Hakumtazama Fundi; alimtazama Kiroboto, ambaye sasa alikuwa ameinua kidevu juu.

"Wasubiri, kaka."

"Nyamaza wewe!"

"Bibi wa watu yule. Nikitoka hapa nitalalaje? Wasubiri."

Nyundo ikashuka taratibu. Fundi alitukana, kisha akapiga mbio mpaka kwenye karakana yake, akakata kipande cha mpira wa gesi, akarudi akikipuliza.

"Ng'ata huu. Pumulia hapa. Pua nitakubana mimi. Ukiwa hai, niminye mkono."

"Na nikifa?"

"Nitakuua."

Kiroboto akang'ata mpira. Maji yakapita midomo, yakapita macho, yakafunika nywele. Ikabaki ncha ya mpira ikikoroma juu ya uchafu. Msumeno ulikuwa umeachwa. Mkono mmoja wa Fundi ulibana pua, wa pili ulishikwa na vidole vya mdogo wake. Vikaminya. Vikaminya tena.

"Bado!" bondeni wakaita.

Fundi aliomba, akatukana, akaomba. Vidole vikaminya kwa mbali, kama mtoto anayesinzia. Kisha havikuminya.

"Kiroboto! Minya! Minya, mjinga wewe!"

"Tayari!" sauti ikapasuka ng'ambo. "Ametoka! Vunjeni!"

Nyundo zikaanguka. Jiwe likatoka, la pili, la tatu, kisha sehemu nzima ya ukuta ikaporomoka, na maji yakatumbukia bondeni yakinguruma. Uso wa Kiroboto ukaibuka, mpira ungali kwenye meno, macho yamefumba. Fundi akamzaba kofi. Hakuna kitu. Akamzaba la pili, kwa hasira yote aliyokuwa nayo juu ya kikao kile na mikono yake mwenyewe. Kiroboto akatapika maji, akavuta pumzi, akapiga yowe: mkondo ulikuwa ukimburuta kwenye pengo, na goti lilibaki kwenye nondo likijipinda. Na mvua ilikuwa inaongezeka.

Kwenye ngazi za pembeni akapanda mwanamke wa bondeni, godoro linalochuruzika maji kichwani.

"Yuko wapi huyo tuliyezamishiwa vyumba kwa ajili yake?"

Fundi alikuwa amepiga magoti, akiutafuta msumeno kwenye tope, na yowe la mdogo wake halikumwacha asikie mengine.

Mwanamke alilibwaga godoro, akaingia mtaroni na gauni lake, akapitisha mikono kwapani mwa Kiroboto na kumwegemeza kifuani, mgongo wake ukiupinga mkondo.

"Nimemshika," akasema. "Wewe kata."